Jirani ni Mlinzi, si Jasusi

Mgeni anayeingia mji wa Lamu huisifu milango ya nakshi, akaipiga picha, akaenda zake. Sisi wenyeji twajua kwamba mlango wa Lamu hauanzii penye mbao. Waanzia nje, penye daka, pale penye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana. Na wamalizikia ndani, penye tekani, pale njia inapokata kona ili mpita njia asikione kiwanda cha nyumba wala waliomo. Wazee waliojenga nyumba hizi, nyingi zao katika karne ya 18, hawakutuachia kitabu juu ya ulinzi wa mtaa, lakini walituachia daka na tekani. Daka lamwambia mwenye nyumba: keti hapa, itazame njia, mjue apitaye. Tekani yamwambia mpita njia: jicho lako na likome hapa.

Nimelitanguliza jambo hilo kwa sababu siku hizi ni nadra mkutano wa chifu kwisha visiwani kwetu bila ya kutajwa Nyumba Kumi, ulinzi wa jamii na ushirikiano wa raia na polisi. Kila asimamaye kusema hutuhimiza tutoe habari. Himizo hilo ni jema, wala silikatai. Lakini mara chache humsikia akifafanua ni habari ya namna gani, apewe nani, na baada ya kutolewa litamfika jambo gani yule aliyeitoa na yule aliyetajwa ndani yake. Maoni yangu, ndugu msomaji, ni kwamba ulinzi wa mtaa hautasimama Lamu mpaka tupambanue baina ya jirani aliye mlinzi na jirani aliye jasusi. Wa kwanza mtaa unamhitaji. Wa pili huuvunja mtaa, hata kama kila alisemalo ni kweli.

Mambo si mageni

Yafaa kwanza tuijue asili ya jambo lenyewe. Nyumba Kumi ni fikira iliyotoka kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kiliwapanga watu nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Hapa Kenya, ulinzi wa jamii ulizinduliwa rasmi mwaka 2005. Katiba ya 2010 ikawataka polisi wajenge uhusiano mwema na wananchi, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ikatenga sehemu nzima kwa ajili ya kamati za pamoja za raia na polisi. Kisha, baada ya shambulio la Westgate mjini Nairobi, Septemba 2013, serikali ikaanza kuitangaza Nyumba Kumi kila pembe ya nchi. Kwa hiyo sheria tunayo na jina tunalo. Kinachokosekana ni imani.

Wenzetu wameshaipita njia hii na wametuachia mafunzo. Kule Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi waliunda Sungusungu. Kwa pinde na mishale na doria ya usiku kwa usiku walijirudishia mali zao na usingizi wao. Hiyo ndiyo faida. Lakini pia walipiga watu pasipo hukumu, na vikongwe wakatuhumiwa uchawi. Unguja na Pemba kuna sheha wa kila shehia, mtu ajuaye kila nyumba na waliomo. Lakini sheha huyo huyo ndiye aulizwaye nani mkaazi na nani si mkaazi wakati wa kuandikisha wapiga kura, na kwa ajili hiyo wako wengi ambao humwona kuwa ni mkono wa wakubwa kabla ya kumwona kuwa ni mlinzi wao. Funzo la kwanza ni kwamba bidii isiyo na sheria hugeuka jeuri. Funzo la pili ni kwamba mlinzi akishaingizwa katika siasa, hata habari ya mwizi wa kuku hapewi.

Nasi Waamu tulikuwa na yetu. Zama za kale wakuu wa mji walikutana Yumbe kuamua mambo. Baadaye wakaja maliwali na mamudiri, na chini yao wazee wa mitaa. Lakini ulinzi wenyewe haukuwa Yumbe wala kwa liwali. Ulikuwa barazani. Watu walikuwa wakitoka msikitini baada ya sala ya Isha wakaketi madakani wakazungumza. Mtoto akipita saa ambayo si yake aliulizwa. Kijana akibeba kitu kisichofanana na kipato cha nyumba yao aliulizwa. Mtoto wa mwenzio ni wako, na aliyemkanya hakuitwa mbeya.

Na mgeni alikuwa na mwenyeji. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kwamba kila mfanyabiashara anayeshuka chomboni hupokewa na mtu wa mji, hukaa kwake, na biashara yake ikapitia mkononi mwa mwenyeji huyo. Bandari zetu nazo ziliijua desturi ya mwenyeji. Faida yake haikuwa ukarimu peke yake. Mgeni mwenye mwenyeji ana wa kumjibia. Akileta kheri mwenyeji husifiwa, na akileta shari mwenyeji huulizwa. Hakuna aliyemchukia mgeni, na hakuna mgeni asiyejulikana amefikia kwa nani.

Sitaki nionekane nausifu wakati uliopita kupita kiasi. Baraza la kale halikuwa la watu wote. Mtumwa hakuwa na neno pale, wala maskini hakusikilizwa kama tajiri, na mwanamke hakuulizwa kitu hata kama yeye ndiye aliyekijua. Ninalolitaka kwa wazee ni ile kanuni yao tu: jicho liwe njiani, lisiwe ndani ya nyumba za watu.

Yaliyobomoka

Kanuni hiyo ilibomolewa na mambo matatu, na tusipoyajua tutapaka chokaa juu ya ufa.

La kwanza ni kwamba madaka yamebaki matupu. Tangu miaka ya 1970 nyumba nyingi za mawe, Shela na Lamu mjini, zimenunuliwa na watu wa nje wanaokuja wiki chache kwa mwaka, au zimegeuzwa za kulaza wageni. Nyumba imetengenezwa vizuri, mlango umepakwa mafuta, na barazani hana mtu. Mwaka 2001 mji wetu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, nasi tukafurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini UNESCO haiwezi kumketisha mzee dakani. Wenye nyumba wamehamia pembezoni, kwenye mitaa mipya kama Wiyoni, Kandahar na Bajuri, ambako wamekutana na watu kutoka visiwa vingine na kutoka bara. Huko si kila jirani amjuaye jirani, na si kila mtaa wenye mahali pa kuketi.

La pili ni unga. Tangu miaka ya 1980 heroini imekuwa ikiingia pwani ya Kenya, na imewala vijana wetu. Wizi mwingi tunaoulalamikia, wa simu, wa mitungi ya gesi, wa mashine za mashua, ni mikono ya mateja waliokosa kete ya siku ile. Huyu ni mwizi, ndiyo, lakini pia ni mwana wa fulani, na mtaa mzima wamjua. Mtaa wamjua mwizi, na aghalabu wamjua amuuziaye. Anayetajwa kituoni ni yule wa kwanza. Huyo wa pili hatajwi, kwa sababu ana fedha na ana marafiki.

La tatu ni vita. Mwezi Septemba 2011 wavamizi waliingia Kiwayu, wakamuua mtalii wa Kiingereza na kumchukua mkewe. Oktoba mwaka huo huo wakamchukua mama wa Kifaransa kutoka Manda, akafia mikononi mwao. Jeshi letu likaingia Somalia. Mwezi Juni 2014 likatokea lile la Mpeketoni na vijiji vya jirani, ambako Al-Shabaab waliua watu zaidi ya 60 katika siku chache. Hayakukoma hapo. Julai 2017 watu walichinjwa Jima, Januari 2022 wakauawa Widho, na Juni 2023 wakauawa Juhudi na Salama. Askari nao, watoto wa watu, wameuawa kwa mabomu yaliyofukiwa barabarani. Hatuwezi kuzungumza habari ya ulinzi wa mtaa Lamu kama kwamba adui wetu ni mwizi wa mbuzi peke yake.

Woga wa pande mbili

Tazama sasa jinsi dawa ilivyozidisha ugonjwa. Baada ya mashambulio ya 2011 wavuvi wetu walizuiwa kwa miaka kuvua usiku. Nafahamu sababu iliyotolewa. Lakini mvuvi wa Kizingitini au Kiwayu ndiye ajuaye ngalawa hii ya nani na mashua ile si ya huku. Ndiye ajuaye chombo gani kimetia nanga mahali pasipovuliwa samaki. Kumwondoa baharini usiku ni kulifumba jicho la kwanza la pwani, na njaa ikaingia nyumbani kwake juu ya hayo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tuliitupa ya karibu.

Mwezi Julai 2014 ikaja kafyu, usiku kucha hapana kutoka. Ilianza ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Kila Mwislamu ajua kumi hilo ni la nini. Mji ambao uzima wake wa usiku ni msikiti na baraza uliambiwa ufunge milango magharibi. Na mwaka huo huo mamlaka ya kuwasimamia polisi, IPOA, ilipochunguza jinsi askari walivyoitikia shambulio la Mpeketoni, ilikuta uzito na ukosefu wa mpango. Raia wa mtaani alifungiwa ndani kwa jambo ambalo yeye hakulilegeza.

Kisha likaja jambo zito kuliko yote. Katika miaka hiyo ya msako watu walichukuliwa usiku pwani hii, na baadhi yao hawakuonekana tena. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti iliyoorodhesha visa 81 vya watu wa pwani waliouawa pasipo hukumu, waliotoweka au waliotendewa unyama mwingine mikononi mwa vyombo vya dola tangu 2012. Nyuma ya kila kisa pana mama anayeulizia jela hii na hospitali ile.

Mweke mama huyo mbele ya macho yako, kisha mfikirie mama mwengine. Mwanawe amebadilika. Ameacha kazi, amepata marafiki asiowajua, na asubuhi moja hayuko. Baada ya siku chache anasikia kwamba yuko ng'ambo ya mpaka. Afanyeje mama huyu? Akinyamaza, huenda mwanawe akarudi na silaha kuua watoto wa wenzake. Akisema, huenda akawa amemtia mwanawe mikononi mwa watu watakaomuua, naye mwenyewe akaitwa mama wa gaidi, na Al-Shabaab wakamwita msaliti. Mwaka 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorudi na kujisalimisha. Lilikuwa tangazo jema. Lakini ni nani angemkabidhi mwanawe kwa tangazo la redio, hali mtaani kwake alijua nani amechukuliwa na hakurudi? Ulinzi wa jamii wote umesimama juu ya jibu la mama huyu. Kama yeye hana mlango wa kubisha, kamati zote zilizoandikwa katika madaftari ni karatasi.

Nami nimeliona jambo hili kwa kadiri ndogo. Jirani yangu mmoja aliwahi kwenda kutoa habari ya nyumba iliyokuwa ikiuza unga, katika kituo ambacho sitakitaja. Alikwenda asubuhi. Kabla ya Magharibi wenye nyumba ile walikuwa wamekwisha kujua ni nani aliyekwenda. Hakupigwa, alhamdulillahi, ila alisalimiwa kwa jina mlangoni pake na watu wasiokuwa na desturi ya kumsalimu. Tangu siku ile haendi tena, na wote tuliolisikia hatuendi. Kituo kimoja kikivuja, hufunga vinywa vya mtaa mzima.

Dini yasemaje

Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba kutoa habari za Mwislamu mwenzio ni haramu, na kwamba aibu husitiriwa. Na wako maofisa wanaotaka waambiwe kila kitu. Wote wawili wamechukua nusu ya neno.

Suratul Hujurat imekataza watu kupelelezana na kusengenyana. Sura hiyo hiyo imetuamuru tuichunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Suratul Baqara imekataza kuuficha ushahidi. Ukiyaweka haya matatu pamoja hayapingani. Usilitafute la siri la mwenzio. Ukiletewa habari, ihakikishe. Lakini likikudhihirikia, na haki ya mtu iko ndani yake, usilifiche.

Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar, ambaye alikuwa na desturi ya kuzunguka Madina usiku kuangalia hali za watu, alisikia sauti katika nyumba moja, akapanda ukuta akaingia, akamkuta mtu na mwanamke na tembo. Alipomkemea, mtu yule alimjibu kwamba yeye amekosa jambo moja, lakini Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia si kwa mlango, na hakubisha hodi wala hakutoa salamu. Umar akamwacha kwa ahadi ya kutubu. Huyo ni Umar, ambaye hapana aliyemshinda kwa ukali wa haki, naye alikubali kwamba ukuta wa nyumba una sheria yake.

Wanazuoni waliandika juu ya mipaka hii. Al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alieleza kazi ya muhtasibu, yaani mtu aliyewekwa kuamrisha mema na kukataza maovu sokoni na njiani. Muhtasibu ana nguvu juu ya uovu ulio dhahiri, lakini hana ruhusa ya kuchimbua uliofichwa. Ila al-Mawardi aliweka jambo moja kando. Ikiwa mtu mwaminifu ameleta habari kwamba nafsi iko hatarini, kwamba pana mtu anataka kuuawa na wakati ukipita haitawezekana kurudisha, hapo yafaa kuchunguza na kuingilia. Ona jinsi neno hili la miaka karibu 1,000 lilivyo karibu na haja yetu. Ofisa anayesema kwamba tukingoja mambo yadhihiri bomu litalipuka, jibu lake limo. Na shekhe anayesema tusitiri, jibu lake limo pia: sitara ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Bomu halimo humo, wala kete ya unga anayouziwa mtoto wa shule.

Kwa kipimo hicho, mtaa waweza kujua la kusema na la kuacha. Chombo kinachoshusha mizigo usiku mahali pasipo gati, hilo lisemwe. Nyumba inayokodiwa na watu wasiotaka kujulikana, wanaoingia na kutoka usiku wakiwa na shehena, lisemwe. Muuzaji wa unga, lisemwe. Kijana anayewavuta wenzake wavuke mpaka kwenda kupigana, lisemwe upesi. Lakini fulani aswali msikiti gani, kanzu yake imekomea wapi, ndevu zake zina urefu gani, mkewe ajifunika uso au hajifuniki, hayo si ya kamati wala si ya polisi. Anayepeleka habari kama hizo hailindi Lamu. Anamsaidia adui kumwaminisha kijana kwamba anaandamwa kwa ajili ya dini yake.

Ya kufanya

Sipendi kulalamika nikaishia hapo. Nina mambo matano.

Kwanza, kamati ya mtaa ichaguliwe na mtaa, mbele ya watu, isiwe orodha iliyotoka ofisini. Mwenye cheo cha siasa asiwemo. Wavuvi wawemo, kwa kuwa mpaka wetu mkubwa ni bahari. Wanawake wawemo, na si kwa kujaza idadi. Wazee wetu walijenga wikio juu ya njia, na wanawake wakapita nyumba hadi nyumba bila ya kushuka. Mpaka leo wao ndio waendao arusini na matangani, na ndio wa kwanza kujua nyumba ipi mtoto wake amepotea. Kamati ya wanaume peke yao ina chongo.

Pili, jirani asiye Mwislamu awemo. Watu wa Mpeketoni wamekuwa hapa tangu miaka ya 1970. Yapo malalamiko ya ardhi, nayo yana mahali pake pa kuzungumzwa. Lakini mwaka 2014 wauaji waliwabagua watu kwa dini, wakitaka majirani washukiane na waendelee kushukiana. Kila baraza ambapo mtu wa Hindi, wa Mpeketoni na wa Faza wameketi pamoja ni jibu kwa wauaji hao. Na haki ya jirani katika Uislamu haikufungwa kwa Waislamu.

Tatu, polisi walete majibu. Kila mwezi ofisa wa kituo aje barazani aseme: mlituambia mambo kadhaa, haya tumeyafanyia hivi, haya yamekwama mahakamani, haya hayakuwa kweli. Hana haja ya kutaja majina. Mtu akitoa habari ikamezwa kama jiwe lililotupwa kisimani, hatatoa ya pili. Na askari anayevujisha jina la mtoa habari achukuliwe hatua mtaa ukijua.

Nne, mtu akikamatwa, akamatwe kwa sheria. Katiba yataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Jamaa zake waambiwe siku ile ile amewekwa kituo gani. Zamani jela ya Lamu ilikuwa ndani ya ngome, katikati ya mji, mbele ya soko, mpaka mwaka 1984, kisha ngome ikawa makumbusho. Sisemi irudi. Nasema tu kwamba siku zile hata mfungwa alijulikana yuko wapi. Leo mama akiambiwa kwamba mwanawe yuko jela ya Hindi atapanda boti hadi Mokowe na atafuata barabara, hata kama ni tabu. Asiloweza ni kumfuata mtu ambaye hakuandikwa popote. Na raia nao wasipige. Mwizi akishikwa mtaani apelekwe, asichomwe wala asivunjwe mkono. Atakayempiga mwizi bila ya hukumu leo hana uso wa kumlaumu askari kesho.

Tano, wavulana wafikiwe kabla ya mateja na kabla ya wapiganaji kuwafikia. Mwalimu wa chuoni ajua nani ameacha kuja. Nakhodha ajua nani anatafuta kazi. Mzee wa mtaa akiwa na mlango wa kumpeleka kijana kwenye matibabu au kwenye kazi, habari yake itakuja mapema, wakati bado ni ya huzuni na haijawa ya jinai. Akiwa na mlango wa selo peke yake, habari itakuja baada ya maiti.

Najua kwamba ofisini yatasemwa haya ni mambo ya polepole, na hali ni ya haraka. Lakini kafyu ilikuwa ya haraka, na marufuku ya kuvua usiku yalikuwa ya haraka, na mwaka 2023 bado watu waliuawa katika vijiji vyao. Imani ya watu haiamrishwi. Hujengwa kama nyumba ya matumbawe, jiwe kwa jiwe, na huchukua muda kukauka.

Kwa hiyo mtaa wako ukiitwa kuunda kamati, usikatae kwenda, na usiende kunyamaza. Uliza maswali. Uliza ni nani atakayelijua jina la mtoa habari. Uliza lini polisi watarudi kutoa majibu. Zaidi ya yote uliza kama kamati hii itakuwa na haki ya kusimama mbele ya ofisa na kumwambia, kwa heshima lakini bila ya woga: kijana huyu mliyemshika twamjua tangu utotoni, usiku ule alikuwa nasi, mwacheni. Kamati isiyoweza kusema kwamba fulani hana kosa haitaaminiwa na mtu siku itakaposema kwamba fulani anayo.